Kamusi inayongoja kuulizwa

Kwa waandishi wa programu, kamusi si kitabu. Ni mpangilio wa data wenye jozi: ufunguo wa kutafutia, na thamani iliyofungamana nao. Chukua programu ya nyakati za swala iliyo kwenye simu nyingi hapa kwetu. Ufunguo ni mji, tarehe na njia ya hesabu. Thamani ni nyakati tano za siku hiyo.

Mji mmoja kwa mwaka una nyakati 1,825. Ukichukua mji mmoja tu katika kila kaunti, zote 47, zinafika 85,775, na mtu wa Kisauni anataka Maghrib ya leo tu. Kwa hivyo programu nzuri haikokotoi kitu mpaka iulizwe. Ikishajibu mara moja, huweka jibu akiba, na likihitajika tena hulitoa vilevile. Kusema kweli, hesabu ya jua haiichoshi simu. Faida huonekana zaidi pale jibu linapoletwa kwa intaneti, yaani kwa bando la mtu.

Katika lugha ya Python, kamusi huitwa dict. Ufunguo ukikosekana, huitwa mbinu ya __missing__:

class Nyakati(dict):
    def __missing__(self, ufunguo):
        jibu = kokotoa(*ufunguo)
        self[ufunguo] = jibu
        return jibu

Mstari wa nne ndio akiba yenyewe. Ukiusahau, hesabu itarudiwa kila mara na hutaona kosa lolote. Tena, __missing__ huamshwa na mabano ya mraba tu. Ukitumia get utapewa None, na hakuna kitakachokokotolewa.

Balaa kubwa liko kwenye ufunguo. Tuseme mwandishi ameweka tarehe peke yake. Mtu amefungua simu asubuhi akiwa Changamwe, kisha akapanda SGR pale Miritini. Akifika Nairobi atatolewa Maghrib ya Mombasa iliyowekwa akiba, na jua la Nairobi huchelewa kwa wastani wa dakika 11. Atafuturu jua lingalipo.

Njia ya hesabu nayo ina uzito wake. Kwa alfajiri, Rabita ya Makka hutumia nyuzi 18, mamlaka ya Misri 19.5, huku kwetu karibu na ikweta hiyo ni tofauti ya dakika 6 hivi. Aliyehama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, akiba ya zamani ikabaki, atakuwa bado anakula daku alfajiri imeshaingia.

Lakini usizidishe. Ukitia vipimo vya GPS kama vilivyo, kila hatua ni ufunguo mpya: mtu akivuka feri ya Likoni, akiba haimfai kitu. Vikadirie hadi desimali moja. Sehemu 0.1 ya nyuzi ya longitudo ni sekunde 24 tu za jua, na dakika moja ya tahadhari ukiiongeza kwenye Maghrib inazifunika. Tarehe zilizopita zifutwe, simu ipumue.