Jabali la Kakapel na mtaalamu aliyelitia kwenye maandishi

Madereva wa masafa marefu wanaosubiri kuvuka Malaba kwenda Tororo wana muda wa kuuliza mambo mengi. Wanaulizia chai, wanaulizia bafu, wanaulizia bei ya dizeli ng'ambo. Sijamsikia hata mmoja akiulizia Kakapel, ingawa iko kaunti hiihii ya Busia, upande wa Teso Kaskazini, kwenye milima ya Chelelemuk inayotangulia Mlima Elgon. Wenyeji wa Busia mjini nao, wengi niliozungumza nao, wanalijua jina lakini hawajafika.

Kakapel ni jabali kubwa lililotokeza mbele na kuacha nafasi ya watu kukaa chini yake bila kunyeshewa. Ukutani kuna rangi nyekundu na nyeupe. Kuna duara ndani ya duara, mistari, maumbo ambayo hayafanani na mnyama wala mtu. Halafu kuna ng'ombe. Hao ndio walionishika zaidi: miili mirefu, pembe ndefu zilizopinda, na mgongo ulionyooka usio na nundu. Ukigeuka na kuangalia bondeni, ng'ombe wa Wateso wanaolisha pale ni zebu, nundu zao zinaonekana toka mbali. Ng'ombe wa nundu walienea Afrika Mashariki baadaye. Mchoraji alichora mifugo aliyoijua, aina ambayo leo huikuti malishoni kwenye milima hii.

Wataalamu hugawa michoro ya Kakapel katika mikono mitatu. Ya kale zaidi ni yale maumbo mekundu ya duara, yanayohusishwa na wawindaji wa jamii za Batwa walioishi hapa kabla ya kilimo na mifugo. Baadaye wakaja wafugaji wakaweka ng'ombe wao. Mwishoni yakaongezwa maumbo mengine yasiyo ya kiumbe chochote. Rangi nyekundu ilitokana na udongo wenye chuma, ndiyo maana imedumu. Na wote hao walitumia ukuta mmoja, wengine wakichora kando ya kazi ya waliotangulia, wengine juu yake, ila ya zamani bado inaonekana.

Mtu aliyelitia jabali hili kwenye maandishi ya kisayansi ni Osaga Odak, Mkenya, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1977 alichapisha katika jarida la Azania makala kuhusu Kakapeli, kama alivyoliandika jina hilo, pamoja na michoro mingine iliyokuwa imegunduliwa karibuni katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Wenyeji walilijua jabali hili siku zote. Yeye alilipatia mahali katika kumbukumbu za elimu. Miaka hiyo ramani ya michoro ya miambani Afrika Mashariki ilikuwa imeelemea Kondoa, Tanzania, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alifanya kazi mwaka 1951 akinakili michoro kwa mkono, kazi aliyokuja kuitoa kwenye kitabu mwaka 1983. Magharibi mwa Kenya palikuwa kama pengo. Odak alianza kuliziba, na tena alisisitiza kwamba michoro isisomwe peke yake bali pamoja na maisha ya watu wanaokaa karibu nayo na matumizi yao ya sehemu zile.

Kwingineko mtu wa kazi kama hii amekumbukwa vizuri. Huko Peru, kwenye jangwa la Nazca, alikuwako Maria Reiche, Mjerumani mtaalamu wa hisabati aliyezaliwa Dresden mwaka 1903. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kupima na kulinda michoro mikubwa iliyochorwa ardhini, ndege na buibui na nyani, mingine unaielewa tu ukiwa juu. Alifagia mistari kwa ufagio. Barabara kuu ilikuwa imekwisha kumkata mjusi mmoja vipande viwili. Alipofariki mwaka 1998, nyumba yake ndogo karibu na Nazca ikawa makumbusho. Wageni wanaona vyombo vyake, ramani zake na kaburi lake. Mtu akitoka pale anajua michoro, na anamjua pia aliyeipigania.

Mimi naamini Odak anastahili hivyohivyo. Sisemi kaburi wala sanamu. Nasema chumba kimoja, na ndani yake nakala ya ile makala ya 1977, picha za jabali lilivyokuwa wakati ule, na maelezo ya jinsi mtafiti Mkenya alivyofanya kazi hii katika miaka ambayo majina makubwa ya fani hiyo yalikuwa ya wageni. Mtoto wa Amagoro au wa Adungosi anayesoma historia darasani ana haki ya kujua kwamba mlima wa kwao uliingia kwenye jarida la kimataifa kwa kalamu ya mtu wa nchi yake.

Kwa muda mrefu jabali lenyewe halikuwa na mlinzi. Watu waliandika majina yao juu ya ng'ombe na juu ya duara. Mwaka 2004 Kakapel ikatangazwa kuwa turathi ya kitaifa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na katika miaka hiyo shirika la michoro ya miambani la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 na mpigapicha David Coulson, likashirikiana na Makumbusho kuusafisha ukuta. Kusafisha mwandiko kwenye jiwe lenye michoro ni kazi ya kutia hofu: unachokiondoa kimekaa juu ya usichotaka kukigusa, na mkono ukikosea mara moja, hakuna wa kurekebisha.

Kisha wakaja wachimbaji, na hapo ndipo Kakapel ilipovuka mipaka ya michoro. Timu iliyomhusisha Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Ujerumani ilichimba chini ya jabali, na ikakuta mfululizo wa makazi unaorudi nyuma takriban miaka 9,000. Walitafuta pia mbegu za kale, na njia yao ni rahisi kuieleza. Unachukua udongo wa tabaka fulani, unautia majini, unakoroga. Mawe na mchanga hushuka. Mbegu zilizoungua jikoni karne nyingi zilizopita ni nyepesi, zinaelea. Unazikinga kwa kitambaa au chujio laini, unazikausha kivulini, halafu mtu anakaa na hadubini akizitenga moja moja.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2024 na Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington huko St. Louis pamoja na wenzake. Kunde ya Kakapel ina umri wa miaka ipatayo 2,300, ushahidi wa kale kabisa wa zao lililopimwa umri moja kwa moja Afrika Mashariki. Wimbi lipo kwa angalau miaka 1,000. Na kuna njegere moja iliyoungua bila kupasuka, ambayo hakuna aliyetarajia kuikuta hapa. Wimbi si zao la makumbusho Teso: ndilo linalotengeneza ajon, pombe inayonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja kwenye arusi na matanga. Kunde inauzwa kwa mafungu soko la Malaba kila siku.

Mifupa nayo imesema. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2020 ulimpima mtu aliyezikwa Kakapel miaka 3,900 hivi iliyopita, mwindaji ambaye nasaba yake inagusana na ya Wambuti wa misitu ya Kongo. Mwingine wa miaka 900 hivi iliyopita anakaribiana na Wadinka wa Sudan Kusini. Wote wawili walitoka katika ardhi ileile.

Kwa hiyo historia ya Kakapel haikai vizuri ndani ya Kenya peke yake. Hadi mwaka 1902 upande huu wote ulihesabiwa Uganda. Mpaka uliposogezwa, Wateso wakajikuta pande mbili. Vivyo hivyo michoro. Ukivuka Malaba, ukapita Mbale hadi Kumi, utafika Nyero, na pale utakuta duara nyekundu ndani ya duara, ndugu za hizi za Chelelemuk. Catherine Namono, mtafiti wa Uganda, ameitumia imani ya watu wa misituni kuzifasiri, badala ya kubahatisha kwamba ni jua au nyota kama walivyozoea wengi waliomtangulia. Ningependa siku moja wanafunzi wa Tororo na wa Busia wafundishwe kuta hizi mbili kama somo moja, mwalimu akianza upande wowote autakao.

Ukienda, nenda asubuhi ukiwa na mwongozo wa pale, na mwombe akuonyeshe kwanza zile duara nyekundu. Wageni wengi hukimbilia ng'ombe, wakaondoka bila kuziona vizuri.