Barua ya Tabia Njema

Msibani Isansa, huku Mbozi, mwanachuo aliyerudi likizo hupimwa haraka sana. Akibeba ndoo za maji, huyo ni mtu wa watu. Akikaa pembeni kimya, basi, eti elimu imempa ubinafsi. Wachache hujiuliza kama ukimya ni maumbile yake tu.

Serikali yetu nayo iliwahi kuupima moyo wa wasomi, tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa 22 Oktoba 1966. Wanafunzi, wengi wao wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na JKT, ambako kwa muda mrefu wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Ujumbe wao: miili itakwenda, mioyo itabaki. Nyerere aliwasikiliza Ikulu, akakasirika, akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao karibu wanafunzi 400. Wengi walirejea masomoni mwaka uliofuata.

Amri ilikuwa imeshindwa kuwapa moyo. Ndipo Azimio la Musoma, 1974, likajaribu kuutafuta moyo huo kabla mtu hajaingia chuo. Aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kufanya kazi kwanza, kisha aombe nafasi akiwa na maoni ya mwajiri na ya chama kuhusu mwenendo wake.

Nia ilikuwa njema. Lakini barua humwona nani? Humwona anayejitokeza, anayesema mkutanoni, anayeshika jembe mbele za watu. Anayemwelekeza mwenzake hesabu usiku bila kelele, nani atamwandikia? Halafu idadi ya wasichana chuoni ikashuka, hadi serikali ikawaondolea sharti la kusubiri. Kumbe kipimo cha moyo kilikuwa kinapima pia ndoa, uzazi na shinikizo la nyumbani.

Mwaka mmoja kabla ya Musoma, huko Princeton, Marekani, John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti juu ya wanafunzi 40 wa theolojia. Kila mmoja alipitishwa karibu na mtu aliyejikunyata akikohoa na kugumia. Baadhi walikuwa njiani kwenda kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema! Kilichoamua nani asimame kilikuwa haraka. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walisaidia. Kati ya wenye haraka kubwa, asilimia 10.

Sisemi tabia si kitu. Mpole na mwenye huruma husaidia kwa wepesi zaidi. Ila mwanafunzi anayesubiri boom huku hajala tangu jana naye ana haraka yake, na hiyo haiandikwi kwenye barua yoyote.

JKT ya lazima ilisitishwa 1994, ikarejea 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Tumerudi kuwafundisha vijana kujitolea. Vizuri. Tuwape basi na nafasi ya kusimama njiani.