Mwendo wa Mpagazi na Mwendo wa Baiskeli: Tarehe ya Safari katika Mwambao wa Mweru

Mtu anayekusudia kuingia katika msafara mkubwa wa baiskeli, wenye maili nyingi na vilima vingi, hali hajapata kupanda hata mwinuko mmoja pasipo kutweta, aghalabu hudhani kwamba elimu anayoihitaji ni ngeni, na kwamba hana budi kuiagiza Ulaya pamoja na baiskeli yenyewe; lakini akiitazama tarehe ya mwambao wa Zambia wa Ziwa Mweru, tangu Puta kwa Wabwile, upande wa kaskazini, hadi Kashikishi na Nchelenge, ataona kwamba misingi ya elimu hiyo ilijulikana huko kabla gurudumu halijafika.

Katika mwaka 1867 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alimshinda Nsama, mfalme wa Watabwa, katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika. Na mnamo Novemba ya mwaka huo huo msafiri Livingstone aliwasili ziwani, kisha akaenda kwa mtawala Mwata Kazembe, ambako alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Kafila za zama hizo zilichukua pembe na shaba, na mara nyingi watu waliotekwa, na mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani ratli 70. Basi kwa kuwa mwili uliotoka katika raha hauwezi kutwikwa mashaka yote kwa siku moja, ilikuwa dasturi ya kafila kuweka kituo cha kwanza karibu sana na mji wa kuondokea, ili mizigo ipimwe na kufungwa upya, aliyesahau kitu arudi kukitwaa, na mgonjwa ajulikane mapema. Baada ya hapo ndipo masafa yalipoongezwa.

Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa ilitengenezwa na John Kemp Starley huko Coventry mwaka 1885, na mpira wa kujazwa upepo ukafuata mwaka 1888 kwa ufundi wa Dunlop. Na mpira huo, uliowapa watu wa Ulaya starehe barabarani, uliwaletea watu wa Kongo, dola iliyokuwa ng'ambo ya ziwa, msiba mkubwa, kwa maana utomvu wake ulitozwa kwa kiboko chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye mji wa Elisabethville ulipojengwa mwaka 1910, vijana wa mwambao walivuka kwenda kuchimba shaba ya Union Minière, na miongoni mwa waliorejea na akiba, mwenye kuheshimiwa zaidi alikuwa yule aliyerudi na baiskeli.

Chombo hicho kilipokutana na samaki, tijara ilibadilika. Migodi ilitaka kitoweo, na ziwa lilikuwa na pale na mpumbu wa kukaushwa, hali kadhalika chisense, dagaa wadogo wanaoanikwa juani. Njia ya kwenda migodi ya Ukanda wa Shaba wa Zambia ilivuka mto Luapula huko Chembe na kukata kipande cha ardhi ya Kongo, na kivuko hicho kilibaki cha pantoni hata daraja lilipofunguliwa mwaka 2008. Barabara ya mwambaoni ni tambarare, nayo humhadaa mgeni, kwani ziwa liko juu ya bahari kwa mita 900 na zaidi kidogo, ilhali Kawambwa iko kwenye yapata mita 1,300, na atokaye bondeni Mbereshi hana budi kuupanda ukingo huo wote. Baiskeli za kazi zilikuwa na gia moja tu. Kwa hiyo mwenye kapu la samaki nyuma yake alishuka penye mwinuko mkali, akasukuma, akapanda tena, wala hakuona haya, kwa sababu heshima ya safari ilikuwa kufikisha mzigo sokoni.

Siku hizi vilima vimekuwa mashindano. Rwanda ilianzisha mzunguko wake wa baiskeli mwaka 1988, na Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya barabarani, ambamo wanaume walipewa kilomita 267.5 zenye jumla ya mita 5,475 za kupanda, na katika mabingwa wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Ikiwa vilima viliwashinda hao, ambao kazi yao ni baiskeli, mwanafunzi hana sababu ya kufanya ujuba.

Na aifuate dasturi ya kafila: juma la kwanza liwe kituo cha karibu, apime tandiko, breki na mwili wake, masafa yaongezwe kidogo kidogo, na siku ya kupumzika ihesabiwe kuwa sehemu ya kazi. Akishazoea tambarare, atafute mwinuko mmoja na kuurudia hata aujue, akibadili gia kabla miguu haijalemewa, na kunywa maji kabla ya kiu. Na kilima kikimshinda, ashuke asukume, kama walivyofanya wachuuzi wa samaki. Kwani katika safari ndefu anayesifiwa ni aliyefika.