Exploratorium: Makumbusho yanayomruhusu mtoto kushika

Katika makumbusho mengi mtoto huambiwa asiguse kitu. Exploratorium ya San Francisco, Marekani, ilianzishwa mwaka 1969 kwa wazo la kinyume. Mwasisi wake, mwanafizikia Frank Oppenheimer, alilazimika kuacha kazi ya chuo kikuu mwaka 1949 kwa sababu za kisiasa, akafuga ng'ombe Colorado, kisha akafundisha sayansi sekondari, ambako wanafunzi walijaribu mambo kwa mikono yao.

Vifaa ni mamia. Mtoto wa miaka minne hatavimaliza. Akinogewa na kimoja nusu saa nzima, mwache. Mzazi anayemkokota kwenda kingine, au anayemweleza jibu kabla hajashika, ndiye anayeharibu ziara. Lile kuba la giza, ambamo watu hutambaa kwa kupapasa, si la umri huo.