Noti ya Milioni 5: Ugomvi juu ya Feza ya Leta (1992-1993)

Katika historia ya inchi yetu, mwezi wa Januari 1993 unastahili kusomwa kwa makini na kila mtu atakayefundisha watu. Mwezi ule noti moja iliwagombanisha Prezidenti na Waziri Mkuu, kisha askari na wachuruzi. Wengi wanakumbuka unyang'anyi wa Kinshasa tu. Sisi tunataka kutafuta mwanzo wake, na mwanzo huo tutaukuta katika hesabu za Leta.

1. Hesabu isiyolingana

Leta ina mapato na matumizi, sawasawa na nyumba ya baba na mama. Mapato yake ni kodi, duane na faida ya madini. Matumizi ni mishahara, jeshi, barabara, mashule na mahospitali. Matumizi yakipita mapato, wakubwa hupunguza matumizi, ao huongeza kodi, ao hukopa. Iko njia nyingine inayopendwa na wavivu: kuchapa noti zisizo na mali nyuma yake.

Feza iliyoitwa zaire ilianza mwaka 1967, na wakati ule zaire 1 ilikuwa sawa na dolari 2 za Marekani. Shaba ilikuwa na bei nzuri, wakubwa wakazoea kutumia kama watu wasiojua kwamba bei hushuka. Mwaka 1973 maduka na mashamba ya wageni yaligawanyiwa watu wachache wa inchi, na mengi yakafa mikononi mwao. Muda mfupi nyuma yake, bei ya shaba ikaanguka. Lakini kazi kubwa zilikuwa zimekwisha kuanzishwa kwa mkopo, kama vile nyaya za umeme toka Inga mpaka Shaba, mwendo wa kilometa karibu 1,700. Deni likakua. Mwaka 1978 Mjerumani Erwin Blumenthal aliwekwa katika Banki ya Zaire ili kusimamia feza. Mwaka 1982 aliandika wazi kwamba waliokopesha Zaire wasitumaini kulipwa, kwa sababu ya ulaji wa wakubwa.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulibomoka, na mapato ya shaba yakapungua sana. Wakopeshaji nao wakafunga mikono. Mashini ya kuchapa noti ikabaki kuwa mapato makubwa ya Leta.

2. Ugomvi wenyewe

Mkutano Mkuu wa Taifa ulianza tarehe 7 Agosti 1991. Mwezi uliofuata, askari waliochoka na mshahara usiotosha wakanyang'anya Kinshasa na miji mingine. Askofu Monsengwo wa Kisangani akachaguliwa kuongoza Mkutano. Serikali ilipoufunga, wakristu wa Kinshasa walitoka kwa maandamano tarehe 16 Februari 1992, na wengi waliuawa. Mkutano ukafunguliwa tena, na mwezi wa Agosti 1992 ukamchagua Étienne Tshisekedi kuwa Waziri Mkuu.

Sasa inchi ilikuwa na vichwa viwili. Prezidenti Mobutu alikuwa na jeshi, na noti zilichapwa kwa amri ya upande wake. Waziri Mkuu alikuwa na kura za Mkutano. Noti ya zaire milioni 5 ikatoka. Upande wa Prezidenti ulisema: askari wanadai mshahara, na mtu mwenye bunduki asipolipwa atajilipa mwenyewe. Tshisekedi alijibu: noti hii haina ruhusa ya Serikali, itapandisha bei tu, watu wasiipokee. Wachuruzi wakamsikia. Mwisho wa Januari 1993 askari walipokea mshahara wao katika noti hizo, wakaenda sokoni, wakakataliwa. Basi wakaanza kupiga risasi na kunyang'anya. Watu wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Katika Februari Mobutu akamwondoa Waziri Mkuu.

3. Tuhukumu namna gani?

Wako wanaosema kwamba Tshisekedi aliwasha moto, maana alijua askari watakasirika. Neno hilo lina uzito. Aliyewakataza watu noti alipaswa kufikiri pia askari atakula nini jioni. Lakini kuni zilikuwa zimekusanywa miaka ishirini. Noti isiyo na mali ni kodi ya siri. Mwalimu anapokea mshahara ule ule, lakini gunia la mihogo limepanda bei. Mjane aliyeficha akiba chini ya godoro anakuta akiba imekuwa karatasi. Hakuna aliyepiga kura juu ya kodi hiyo, na wakubwa wenye dolari hawakuilipa.

Watu wa Kasai walifahamu jambo hili. Mwezi wa Oktoba 1993 Serikali ilitoa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Wakasai waliikataa, wakaendelea na noti zao za zamani. Kwa kuwa hizo hazikuchapwa tena, zilishika nguvu zake kuliko zaire mpya, iliyochapwa bila kipimo hata katika 1994 bei zikapanda kwa maelfu kwa mia.

Franka ya Kongo ilipotolewa mwaka 1998, mwanzoni nayo ilipata ugonjwa ule ule. Mwaka 2000 bei zilipanda kupita 500 kwa mia. Dawa yake ilikuwa ngumu, lakini ilifahamika: tangu 2001 Leta ilijifunga kutumia kadiri ya mapato, na mwisho wa 2002 kupanda kwa bei kulikuwa kumeshuka chini ya 20 kwa mia.

Tunapofundisha amri ya saba, tumezoea kutaja mwizi wa kuku na mchuruzi wa mizani ya uongo. Tuongeze pia hesabu za Leta, tukiwaeleza wakristu kwamba anayetumia mali isiyokuwako anaichukua kwa mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni maskini. Na ili neno letu lisikiwe, vitabu vya hesabu vya parokia zetu viwe wazi mbele ya wakristu wanaotoa sadaka.