Asilimia 30 ya mama mdogo

Najua nimewatupa mwezi mzima. Nilikuwa sina raha, na leo nawaambia kwa nini.

Mama mdogo alikatwa kipande cha uvimbe kwenye titi kikapelekwa maabara. Majibu yakaja kwa posta, akayafungua kabla sijarudi kubeba boksi. Nimefika nikamkuta jikoni, chai imepoa mbele yake. Hata shikamoo yangu hakuisikia. "Mwanangu, nimebakiwa na asilimia 30." Kwenye karatasi paliandikwa Ki-67, 30%, na yeye alidhani hiyo ndiyo nafasi yake ya kupona.

Siyo hivyo jamani. Maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za uvimbe walizohesabu, kama 30 zilikuwa kwenye safari ya kugawanyika. Nikamweleza, akaniuliza: wamejuaje? Nikakosa jibu. Usiku nikakaa kwenye kompyuta mpaka alfajiri. Kumbe mlango wa habari hii ulifunguliwa hapa hapa London, Hammersmith Hospital, pale Du Cane Road karibu na gereza la Wormwood Scrubs. Napita pale na basi kila siku!

Zamani njia ilikuwa moja: weka kipande cha nyama chini ya hadubini, tafuta seli ambazo kromosomu zake zimejipanga kuachana, hesabu. Tabu ni kwamba tendo lenyewe huchukua kama saa moja tu, wakati mzunguko mzima wa seli ni siku nzima au zaidi. Kwa mnyama mzima, kwenye ini kwa mfano, unaweza kutafuta weee usipate hata moja. Ni kama kuhesabu wageni wa harusi kwa kuwapiga picha wale tu wanaovuka kizingiti. Waliokaa ndani wanakula pilau huwaoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwepo pale Hammersmith watu wawili, wote wakuja kama sisi: Alma Howard, mama wa Kikanada, na Stephen Pelc, mwanafizikia kutoka Vienna. Walichukua mizizi ya maharage mapana (yale Waarabu wanayaita ful) wakayanywesha fosforasi-32 yenye mionzi. Wakaosha kwa asidi ili mionzi ibaki kwenye DNA peke yake, wakafunika seli kwa filamu ya picha, wakaacha gizani. Palipo na mionzi filamu ikatoka vidoa vyeusi. Yaani seli zilijipiga picha zenyewe.

Wengi walidhani DNA hutengenezwa wakati seli inapasuka. Wapi! Vidoa vilikaa kwenye seli zilizoonekana zimepumzika tu, saa kadhaa kabla ya kugawanyika. Mzunguko wa seli za mzizi ulikuwa kama masaa 30, na kunakili DNA kulichukua kama 6. Kipindi hicho wakakiita S, na mapengo ya kabla na baada yake wakayaita G1 na G2. Majina hayo mpaka leo wanafunzi wanakariri.

Kuanzia hapo watu wakajua pa kutega. Mwaka 1957 Wamarekani wakatumia thaimidini yenye tritiamu, ambayo huingia kwenye DNA tu, tena kwa maharage yale yale. Halafu ikaja zamu ya panya. Mwaka 1962 Joseph Altman akasema ameona alama kwenye seli za ubongo wa panya wazima, na kwa miaka mingi wengi hawakumwamini.

Lakini aliyenivutia ni Pelc mwenyewe. Mwaka 1964 alikuwa bado anabishana: seli ikipata alama, ndiyo lazima itagawanyika? Si inaweza kuwa inajitengenezea DNA kwa shughuli nyingine? Wengi hawakukubaliana naye, ila swali lilikuwa la haki, maana seli inayokarabati DNA yake nayo huchukua kidogo.

Na mgonjwa huwezi kumchoma sindano ya mionzi ili tu usome kipande chake. Ndipo mwaka 1983 Johannes Gerdes na wenzake, katika mji wa Kiel, Ujerumani, wakatangaza kingamwili inayonasa protini iliyomo kwenye seli zilizo safarini na isiyokuwepo kwa zilizotulia. Kipande kilichokatwa kinatosha. Ki ni Kiel, na 67 ni namba ya kishimo cha sahani ya maabara walimoipata.

Nilipomwambia mama mdogo kwamba barua yake ina jina la mji wa Wajerumani, alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Alhamisi tunaonana na daktari. Juu ya bahasha ameshaandika swali lake kwa kalamu nyekundu: na hizo 70 zilizobaki, zinafanya nini?