Kivuli cha Mvua na Ubavu wa Demani

Mwanafunzi anayekutana na istilahi "kivuli cha mvua" kwa mara ya kwanza hufikiria mahali penye ubaridi, naye ana haki. Kwa Mswahili kivuli ni cha mwembe. Ni mahali pa kukimbilia jua linapowaka. Lakini eneo ambalo wanajiografia wanaliita hivyo ni kame, lina joto, na miti yake ni migunga na mibuyu. Istilahi ilitafsiriwa neno kwa neno, kazi ya kuieleza akaachiwa mwalimu.

Maana yake ni eneo lililo nyuma ya mlima, upande usiopokea upepo wenye unyevu, ambalo hupata mvua kidogo kwa sababu ya mlima huo. Mlima huikinga mvua isifike ng'ambo, na ndipo jina la kivuli lilipotoka. Hata hivyo kukinga ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni joto, na hiyo neno "kivuli" linaificha kabisa.

Tufuate upepo wenyewe. Hewa itokayo Bahari ya Hindi ikikutana na mlima hulazimika kupanda. Ikipanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, takriban nyuzi 10 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Ikishapoa vya kutosha, mvuke wake hugeuka matone na mawingu hujengeka. Mvuke unapogeuka maji huachia joto, kwa hiyo kuanzia hapo hewa hupoa polepole zaidi, tuseme nyuzi 6 kwa mita 1,000. Mvua inanyesha, hewa inavuka kilele, halafu inateremka bila matone yake. Na hewa inayoteremka ikiwa kavu hupata joto kwa kiwango kile kile cha kwanza, nyuzi 10.

Chukua hewa yenye nyuzi 30 usawa wa bahari. Mawingu yakianza mita 500, hapo ina nyuzi 25. Kileleni, mita 2,000, itakuwa na nyuzi 16. Ikiteremka upande wa pili hadi mita 500 ile ile, itafika na nyuzi 31. Kimo ni kimoja, lakini hewa imeongezeka nyuzi 6 na imekauka. Hewa kavu na yenye joto haimwagi mvua; badala yake hunyonya unyevu kutoka kwenye udongo na majani. Ndiyo maana ukame wa huko ni mkali kuliko kipimo cha mvua kinavyoonyesha.

Milima ya Usambara inalionyesha jambo hili waziwazi. Amani, upande wa mashariki unaoitazama bahari, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Same na Mkomazi, nyuma ya milima, hupata kati ya robo na theluthi ya kiasi hicho. Anayepanda barabara ya Mombo kwenda Lushoto huuona mpaka kwa macho: chini ni mkonge na vumbi, na baada ya kona za Soni yanaanza mashamba ya kabichi, viazi na plamu. Lakini mpunga wa Mombo nao unastawi, kwa sababu wakulima huuelekezea maji ya mto Soni, yanayoshuka kutoka huko huko juu. Wenye kukaa kivulini huishi kwa maji yaliyonaswa na mlima. Ndivyo ilivyo Amboseli pia, kaskazini mwa Kilimanjaro: mvua ni haba, lakini vinamasi vyake haviishi maji kwa sababu ya chemchemi zinazolishwa na mlima. Anayekata msitu wa juu anamnyang'anya maji mtu wa chini.

Si kila ukame ni kivuli cha mvua, na hapa istilahi hutumiwa ovyo. Tabianchi ya nchi hutokana na mengi: latitudo, mwinuko, umbali na bahari, mikondo ya maji, mwelekeo wa pepo. Pwani ya Somalia ni kavu ingawa bahari iko mlangoni na hakuna mlima unaoikinga. Kusi huko hupita sambamba na pwani, na maji baridi hupanda kutoka vilindini. Anayetaka kusema "kivuli cha mvua" aonyeshe kwanza mlima, kisha upepo.

Na upepo tunayo maneno yake, ya siku nyingi. Mabaharia wa mwambao huuita upande wa chombo unaopokea upepo joshi, na upande wa pili demani. Vitabu vya shule huzunguka kwa maneno marefu, "upande unaoelekea kule upepo unakotoka", ilhali neno moja la jahazini linatosha. Amani iko ubavu wa joshi wa Usambara. Mkomazi iko ubavu wa demani. Najua demani ni jina la msimu pia, ule wa mwishoni mwa kusi, lakini ukisema "ubavu wa demani" hakuna atakayefikiria miezi.

Sipendekezi kuitupa "kivuli cha mvua". Imeshazoeleka, na kama jina la eneo inafaa. Kwa pande za mlima, turudishe joshi na demani. Na kwa waandishi wa vitabu vya jiografia ninaomba jambo dogo: katika kila mchoro wa mlima, choreni kwanza mshale wa upepo, kisha andikeni nyuzijoto pande zote mbili, ili mtoto aone kwamba kivuli hiki kina joto.